Barua ya wazi kwa waajiri wa Tanga: tuambieni mapema

Shikamooni wakubwa zetu. Wenye viwanda, wenye hoteli za Raskazone, wenye maduka ya jumla Ngamiani, mawakala wa mizigo bandarini, wenye mashamba ya mkonge kuanzia huku kwetu mpaka Korogwe, mameneja, watu wa HR, masupavaiza, na nyie maofisa kazi wa mkoa pia, barua hii ni yenu wote na naomba muisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana sie tumeshawasikiliza sana nyie.

Kila kikao kikikaliwa, kila mgeni akija kutembelea kazini, kuna neno halikosekani: vijana wa siku hizi hawadumu, leo yupo kesho hayupo, hawana uvumilivu, wanataka hela ya haraka, wanataka wakae kwenye kiyoyozi wachezee simu. Limesemwa mpaka vijana wenyewe wengine wameanza kuliamini. Sasa mie nafanya kazi stoo, kabla ya hapo nilikaa kaunta dukani na kabla ya hapo hotelini, nakaa na vijana wenzangu kwenye daladala za Pongwe asubuhi na kwenye vibaraza vya Makorora usiku, na nikiwauliza hivi kwako wewe kazi nzuri ikoje, sijasikia hata mmoja akianza na kiyoyozi. Wanachosema, kila mtu na maneno yake, ni kwamba wanataka kazi ambayo mtu anajua. Anajua mshahara unaingia tarehe ngapi, anajua wiki ijayo anaingia shifti gani, anajua kipindi chake cha majaribio ya kazi kinaisha lini, anajua kilichokatwa kimekatwa kwa nini, anajua mambo yakiharibika amwendee nani na akimwendea hatapoteza kazi. Hiyo ndo kazi tunayoililia, na nyingi ya hivyo haviwagharimu hata shilingi.

Nianze na mshahara, na hapa sisemi kiasi, nasema tarehe. Kiasi tunajua kina mjadala wake, serikali imetangaza kima cha chini cha sekta binafsi kupanda kwa wastani kutoka 275,060 mpaka 358,322 kuanzia Januari 2026, kila sekta na kiwango chake, na sie tunachoomba ni kilichotangazwa kilipwe basi. Lakini tarehe jamani. Mtu umeambiwa mshahara ni tarehe 28, inafika 28 kimya, inafika 30 kimya, inafika tarehe 3 unamuuliza supavaiza anakwambia hata mie sijaambiwa, unaenda kwa mhasibu unaambiwa subirini, na hilo subirini halina mwisho. Mwenye nyumba wa Duga au Mikanjuni hana neno subiri, yeye kodi yake anataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo na siku ikifika anagonga mlango.

Nina mwenzangu mmoja kazini, kijana mpole hana makuu, mama yake alilazwa hospitali ya Bombo mwisho wa mwezi na mshahara ulikuwa haujaingia, hakuna aliyesema utaingia lini, kijana akaenda kwa hawa wakopeshaji wa mtaani, wa kausha damu. Mnajua wanavyofanya, wanachukua kadi yako ya benki na namba ya siri wanakaa nayo, mshahara ukiingia wanaenda kuutoa wao kwanza halafu wanakupigia njoo uchukue kilichobaki. Laki moja aliyochukua imemfuata miezi na miezi, kila akilipa riba inazaa, mpaka leo kadi haijarudi mfukoni mwake. Sasa angeambiwa siku ileile ya 28 kwamba jamani mwezi huu wateja hawajalipa, mshahara utaingia tarehe 9, angeenda kwa mjomba wake Muheza akakopa kwa ahadi ya tarehe 9, na mjomba angempa kwa sababu tarehe ni kitu mtu unaweza kumwambia mwenzio. Hakwenda kwa sababu hakuwa na cha kuahidi. Mkisikia kijana ameacha kazi ghafla tena bila kuaga, kabla hamjasema hana uvumilivu ulizeni kadi yake ya benki iko wapi.

Sheria yenyewe, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inasema mshahara unalipwa siku mliyokubaliana, na unakuja na maelezo ya maandishi yanayoonyesha kilichopatikana na kilichokatwa. Siku mliyokubaliana. Sio siku itakapopatikana.

Na hili naomba mliangalie kwa macho yenu wenyewe maana kwangu mie linauma kuliko mengine. Pale mlangoni kwetu ipo mashine ya kidole. Ukiweka kidole saa moja na dakika sita inaandika saa moja na dakika sita, mwisho wa mwezi zile dakika zinajumlishwa na zinakatwa, hakuna kubishana na mashine. Pembeni ya mashine kuna ubao wa matangazo, na kwenye ubao hakuna kitu, kuna pini tu na kalenda ya mwaka uliopita. Yani upande wa kutudai muda wetu kuna mashine inayohesabu mpaka dakika, upande wa kutuambia sie mshahara lini, hamna hata karatasi. Kwa taarifa yenu sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri abandike mahali panapoonekana maelezo ya haki za mfanyakazi. Mkipita kazini kwenu kesho hebu tazameni ukutani kama yapo.

Ratiba sasa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye maisha yetu.

Hotelini nilipokuwa ratiba ilikuwa inakuja kwenye grupu la wasapu saa nne usiku, wakati mwingine saa tano, ya kesho yake asubuhi. Ukishalala bila kuangalia simu umekwisha, unaamka unakuta ulitakiwa uwe pale saa kumi na mbili. Simu ikiisha chaji, umekwisha. Bando likiisha, ni hivyohivyo. Halafu unaweza ukatoka saa sita usiku kufunga jikoni, na meseji imeshaingia kwamba uripoti saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu kuna kundi la wageni linakuja kwenye semina, na ukihesabu hapo ni masaa sita, toa muda wa kufika nyumbani, toa kuoga, kulala ni matatu. Sheria inasema kati ya kutoka na kuingia tena mtu apumzike masaa 12 mfululizo, na kwa wiki apate angalau masaa 24 ya kupumzika, na wiki ya kazi ya kawaida isizidi masaa 45, kinachozidi ni ovataimu na kinalipwa mara moja na nusu, na hata hiyo ovataimu ina mwisho, masaa 50 kwa wiki nne. Na anayefanya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ana nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Hayo yote yameandikwa, hatujayatunga sie vibarazani.

Kufika nyumbani nako. Usiku ule daladala hakuna, kilichopo ni bodaboda na yeye anajua huna njia nyingine, anakutajia bei anayotaka. Wengi wetu hapa Tanga tunategemea baiskeli, mchana ni raha, lakini dada wa miaka ishirini na mbili anayetoka zamu saa sita usiku Raskazone anakaa Kange, mnataka apige baiskeli peke yake? Wengine huwa wanalala palepale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwenye mabenchi, mpaka kunakucha. Kwenye kazi nzuri tunayoisema kuna gari moja dogo, hata Noah ya kukodi, inayozungusha watu wa shifti ya usiku. Kama hiyo ni ngumu basi shifti ipangwe iishe wakati usafiri bado upo. Wanaojua kupanga ni nyie.

Na msidhani mtu anataka ratiba mapema ili akalale. Kijana anayejua Alhamisi kwamba wiki ijayo yuko shifti ya asubuhi anajiandikisha kozi ya jioni ya umeme chuo cha ufundi VETA. Anayejua Jumatano yake ya ofu anaenda kwa kinyozi mwenzake kushika mashine apate elfu kumi ya ziada. Mama mdogo mwenye mtoto anaongea na jirani yake, anampangia siku za kumwachia mtoto, na jirani anakubali kwa sababu amepangiwa, ila ukimgongea saa kumi na moja alfajiri bila taarifa siku ya tatu hafungui mlango. Maisha ya kijana wa kipato kidogo yanaunganishwa hivyo, vipande vipande, ukimvurugia ratiba umemvurugia vyote kwa pamoja.

Nimeona pia penye utaratibu, sio kwamba nasema ndoto. Stoo ninapofanya sasa tulipata supavaiza mmoja, mtu mzima, tunamwita mzee kwa heshima, hana kompyuta hana nini. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana anabandika manila mlangoni, majina upande wa kushoto, siku juu, shifti ya asubuhi ameandika kwa biro ya bluu na ya usiku kwa nyekundu. Chini ameacha nafasi tupu ya kubadilishana, wewe na mwenzio mkikubaliana mnaandika wenyewe mnasaini yeye anatia tiki. Basi. Mwanzoni meneja alisema hii itatufunga mikono, mzigo ukija ghafla tutafanyaje, mzee akamjibu mzigo ukija ghafla nitawaomba, na nikiwaomba watakuja kwa sababu sijazoea kuwashtukiza. Na kweli, meli ikichelewa makontena yakaja usiku wa Jumapili mzee akipiga simu watu wanakuja, tena wanakuja haraka. Watu walioanza na yule mzee wengi bado wapo. Kwenye stoo ya jirani sura zinabadilika kila mwezi mpaka mlinzi ameacha kukariri majina.

Tanga hii ina historia ndefu ya kazi na wakubwa mnaijua kuliko sie. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yalipokua wakaletwa manamba, yani vibarua wa mashambani, kutoka Kigoma, Njombe, Songea, mpaka Rwanda na Burundi, na wajukuu zao ndo wengi wetu humu mjini na huko Muheza na Korogwe. Wazee wanasimulia habari ya kipande. Kile kilikuwa kikadi chenye siku thelathini za kazi, umemaliza kazi yako ya leo kinawekwa alama, hujamaliza hiyo siku haipo, na zikitimia thelathini ndo unalipwa. Ulikuwa utaratibu mkali, umewatesa babu zetu na hakuna kijana anayetaka urudi. Lakini hata kwenye kipande babu alikuwa akikitoa mfukoni anaona amefika siku ya kumi na tisa zimebaki kumi na moja. Wajukuu wake leo, wenye vyeti, wenye simu za kisasa, ukiwauliza wamebakiza siku ngapi za majaribio hawajui, na ukiwauliza mkataba wao unaisha lini wanakwambia sina mkataba, nimeambiwa nitaitwa. Wapagazi wa bandari hii waligoma mwaka 1939, kabla hata baba zetu hawajazaliwa, na yapo madai ya siku zile ambayo ukiyasoma sasa hivi unaweza kudhani yameandikwa jana.

Hayo majaribio ndo donda. Mtu anaambiwa miezi mitatu, miezi mitatu inapita hakuna anayesema kitu, miezi sita inapita, mwaka unakatika, yuko palepale kwa posho ya majaribio na kila akiuliza anaambiwa bado tunakuangalia. Mnaangalia nini mwaka mzima ambacho hamjakiona? Kanuni za Mwenendo Bora za 2007 zinasema majaribio yasizidi miezi 12, na zinasema zaidi ya hapo, kwamba wakati wa majaribio mwajiri awe anakaa na mfanyakazi mara kwa mara kumwambia anaendaje. Hicho cha pili ndo tunakitaka zaidi kuliko mnavyofikiri. Kijana akiitwa mwezi wa kwanza akaambiwa hapa uko vizuri, hapa kwenye kupanga stoki unachanganya tarehe za kuisha muda, rekebisha, anarekebisha, ana nguvu ana akili. Ila ukimwacha mwaka mzima halafu siku moja ukamwambia hujafikia viwango, atakuuliza viwango gani, na atakuwa sawa.

Na wale wanaojitolea, mtu ana diploma yake, yuko ofisini anafanya kazi zote za aliyeajiriwa, bila nauli bila chai, miaka. Kujitolea kuna mwanzo na mwisho. Mwambieni tu siku ya kwanza kwamba nafasi itakuwepo au haitakuwepo, ajue anatoa nguvu zake kwa ajili ya nini.

Mkataba ukipatikana unakuja kwa Kiingereza, kurasa nane, unasimamishwa pale kaunta ya HR unaambiwa saini hapa na hapa na hapa, fanya haraka wenzako wanasubiri nyuma. Nakala hupewi. Tunasaini kwa sababu tunataka kazi. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi ameelezwa masharti kwa namna anayoielewa, na hapa Tanga namna anayoielewa kila mtu kuanzia mfagiaji mpaka mkurugenzi ni Kiswahili, sasa shida iko wapi? Uchapeni kwa Kiswahili, mpeni mtu aende nao nyumbani siku moja amsomee baba yake, arudi asaini, abaki na nakala yake. Na hata nyie wenyewe unawasaidia, maana mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mfanyakazi anadai hiki na nyie hamna mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wenu.

Makato. Dukani nilipokuwa kaunta kulikuwa na kitu kinaitwa shoti, hela ikipungua kwenye droo jioni mnakatwa wote mliokuwa zamu, gawanya kwa vichwa, hakuna anayekuonyesha hesabu ilivyofanywa. Droo moja tunaishika watu watatu na funguo anayo mtu wa nne. Kuna mwezi mwenzetu mmoja mshahara ulikuja nusu, akauliza, akajibiwa shoti na chupa za maji zilizovunjika, yeye wiki ile ya chupa kuvunjika alikuwa likizo ya msiba. Sheria inasema ukitaka kumkata mtu kwa hasara lazima iwe kweli yeye ndiye aliyesababisha, umpe maelezo kwa maandishi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Kijana hakatai kulipa alichoharibu. Anataka aonyeshwe.

NSSF nayo, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kwenye karatasi ya mshahara kila mwezi inaonekana imekatwa, asilimia 10 yetu na 10 yenu, ukiangalia michango kwenye simu unakuta miezi mitupu. Hela imetoka kwetu haijafika, na hapo sina lugha ya adabu zaidi ya kusema irudisheni ilipotakiwa kwenda. Na mtu akiumia kazini asipelekwe hospitali kimyakimya akapewa elfu hamsini ya pole, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unachangiwa na mwajiri peke yake na mfanyakazi hakatwi kitu, toeni taarifa mtu apate haki yake. Hili la kuumia litazidi kuwa kubwa maana mashine zinaongezeka na mtu hujaonyeshwa hata namna ya kuizima.

Kuna jambo la dada zetu na naliandika nikiwa na uchungu. Kwenye kazi tunayoitaka, msichana haitwi ofisini saa kumi na mbili jioni wengine wameshaondoka ili akazungumzie kuhusu mkataba wake. Haambiwi majaribio yako yako mikononi mwako. Hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, ile ya TAKUKURU, ni jinai. Tunajua wanaofanya hayo ni wachache ila wengi wanajua na wananyamaza, mameneja wanajua, sie wa stoo tunajua. Na mnaponyamaza nyie wakubwa, msichana anajifunza kwamba njia pekee ni kuondoka, anaondoka, halafu mnasema vijana hawadumu. Wekeni mtu mmoja, ikiwezekana mama mtu mzima anayeaminika, namba yake ibandikwe chooni kwa wanawake, malalamiko yakija yaende juu bila kupitia kwa huyohuyo anayelalamikiwa.

Na anayenyonyesha. Sheria inampa mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Mwenzetu mmoja alikuwa anaenda kukamua maziwa nyuma ya magunia ya mchele, mie nasimama mlangoni nisimruhusu mtu apite. Chumba kidogo chenye kiti, mlango na sinki, ndo ombi lenyewe.

Nije kwenye kufundishwa, kwa kifupi maana hili mnalijua. Mji unabadilika. Bandari imechimbwa kina na kupanuliwa, meli kubwa zinafunga gatini, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani. Vijana wengi wamepata vibarua kwenye ujenzi huo na ujenzi una mwisho wake, wanaomba kitu kimoja, wakitoka watoke na ufundi na karatasi. Mwenye kushika spana mwaka mzima pembeni ya fundi wa bomba aandikiwe kwamba ameshika. Cheti cha utumishi ni haki ya mfanyakazi anapoondoka, na kuna kampuni mtu anakizungukia miezi kana kwamba anaomba mkopo. Kijana anayefundishwa kazi halafu akaruhusiwa kuifanya anabaki, hata wakimpigia simu kutoka Dar anafikiria mara mbili.

Sasa najua mtakachosema. Biashara ngumu, wateja wanalipa kwa kuchelewa, kodi, umeme, meli haijafika, masika yamekata barabara mzigo umekwama Segera. Tunayajua, tunayaona, sie ndo tunaokaa na mzigo uliokwama. Hatuwaambii mtoe msichonacho. Mwaka fulani hapa tulipo, kazi ilikuwa mbaya kweli, meneja akatuita wote stoo, akasimama juu ya paleti, akasema mwezi huu nitalipa nusu tarehe 30 na nusu tarehe 15, nimeshindwa, naombeni radhi, na anayeona hawezi aje tuongee. Watu walinung'unika, ndio. Lakini hakuondoka mtu, na tarehe 15 hela iliingia. Mpaka leo yule meneja akipita watu wanaacha kazi kumsalimia. Alichotupa siku ile hakikuwa hela, ilikuwa tarehe mbili.

Kwa hiyo tunaomba hivi, na tunaomba ianze mwezi huu. Karatasi moja ibandikwe pembeni ya mashine ya kidole: siku ya mshahara, na ikibadilika tuambiwe kabla siku hiyo haijafika. Ratiba ya wiki ibandikwe Alhamisi. Kila aliye kwenye majaribio aandikiwe tarehe yanapoisha na siku ya kukaa naye. Mikataba iliyopo itolewe nakala, iliyo ya Kiingereza itafsiriwe. Jina na namba ya mtu wa kumwendea. Maofisa kazi, nyie tunawaomba mkija kukagua msiishie ofisini kwa meneja mkanywa soda, shukeni chini, muulizeni yeyote mtakayemkuta kama anajua majaribio yake yanaisha lini. Na vyama vyetu vya wafanyakazi, TUICO, TPAWU, wengine wote, msitusubiri Mei Mosi na fulana, njooni mtuelezee namna ya kujiunga maana vijana wengi hawajui pa kuanzia.

Mkitaka kukaa nasi tuongee tupo tayari, hatuna ugomvi na mtu. Wa asubuhi tunatoka saa tisa, wa usiku wanatoka saa moja, chagueni siku itakayowafaa nyie mtuambie wiki moja kabla ili tubadilishane zamu tuje wote.

Wenu katika kazi,
Kijana wa stoo, Makorora, Tanga